Unakula Posho ya Nani?

Mwezi uliopita tulipogawana mada za kuandika, mmoja alichukua malaria, mwingine mimba za utotoni, mwingine msongo wa mawazo. Mimi nikasema nitaandika juu ya unene. Watu wakacheka. Mdogo wetu mmoja akaniambia, "Yaya, hapa watu wanalala njaa, weye unataka kuandika unene?" Sikukasirika. Nilijua watacheka, na ndiyo sababu naandika.

Mimi nimekuwa binti mnene katika makazi ya wakimbizi tangu nikiwa na miaka 13. Sasa nina 18. Katikati hapo televisheni iliniangusha chini kweli kweli, halafu baadaye televisheni ikanisaidia. Nataka kuwaeleza tofauti ilikuwa wapi, hasa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua mnapenda kutuletea skrini.

Nianze na foleni ya maji.

Ilikuwa mwaka 2021, hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nilikuwa nimepanga bidon zangu mbili bombani, jua linachoma. Mama mmoja nyuma yangu akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Weye mutoto, unakulaka posho ya nani?"

Kwa wasiojua, kwetu Kongo posho ni chakula ulichogawiwa cha kukaa nacho siku kadhaa. Hapa Uganda posho ni ugali wenyewe. Yule mama alimaanisha yote mawili. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2020, Shirika la Chakula Duniani lilikuwa limepunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa sababu ya kukosa fedha. Februari 2021 ukashuka tena, tukabaki na asilimia 60 ya mgao kamili. Kila mtu alikuwa amekonda. Shati za kina baba zilikuwa zinapepea. Mimi peke yangu mwili ulikuwa unaongezeka, na mwili wangu ukawa kama ushahidi wa wizi. Uvumi ukaanza. Banasema mama yangu ana karti mbili. Banasema baba anajuana na mtu wa stoo. Jirani aliyekuwa akituazima chumvi akaacha.

Hatukuwa na karti mbili. Tulikuwa na karti moja na watu saba.

Sasa mtu atauliza, uliwezaje kunenepa wakati chakula kimepungua? Hata mimi sikuelewa wakati ule. Leo naelewa hivi.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona. Zilifunguliwa wote Januari 2022. Karibu miaka miwili. Kabla ya hapo nilikuwa natembea karibu saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, kila siku. Ghafla nikawa nakaa ndani. Kaka zangu walitoka kucheza mpira, mimi msichana nikaambiwa nje si salama, kaa na mama. Mama alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza. Yale yasiyouzwa, yale yaliyoungua upande mmoja, yale ya jana, tuliyala sisi. Maharage yalikuwa ghali, ndagala ghali zaidi. Kilichopatikana kwa bei ndogo ni unga wa mahindi, mafuta na sukari. Unakunywa chai ya sukari nyingi ili usahau kwamba leo hakuna mboga. Tumbo linajaa, mwili unakosa.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo, sufuria hiyo hiyo, mdogo wangu wa mwisho alipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi na mshale ukaangukia kwenye njano. Mtoto mmoja utapiamlo, mwingine unene. Wahudumu wa afya waliokuja kwetu waliandika jina lake kwenye fomu. Mimi waliniruka kwa macho, kama sipo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Watu wakisikia hesabu hiyo wanafikiria Marekani. Mimi nafikiria sufuria ya mama.

Na ili kunichanganya zaidi, bibi yangu kule Uvira alikuwa akiona picha yangu kwenye simu anashukuru Mungu. "Umenona, mjukuu wangu! Kumbe huko munakula." Kwa bibi, kunona ni kupona. Alituona tukitoka na mifupa mwaka 2015. Sasa umwambie nini bibi kama huyo?

Januari 2022 nikarudi shule. Sketi ya zamani haikupita magotini kwenda juu. Wavulana wakanipa jina: Tanki. Kama yale matanki ya maji ya plastiki. Nikipita, mmoja anagonga ubao wa dawati, ko ko ko, anasikiliza kama nimejaa. Nikaanza kuchota maji saa kumi na moja alfajiri ili nisikutane na watu bombani. Mnajua hatari ya msichana kwenda bombani gizani. Mimi niliona kuchekwa ni hatari kubwa zaidi. Hiyo ndiyo akili ya miaka 14.

Hapo ndipo televisheni ilipoingia.

Jirani yetu alikuwa na televisheni ndogo ya sola, na kule kwenye maduka ya Base Camp kuna vijana wanaokupakia filamu kwenye flashi kwa pesa kidogo. Yaya wangu alileta flashi yenye kipindi cha Wamarekani kinaitwa The Biggest Loser. Kama hukukiona, kinakwenda hivi: watu wanene wanapelekwa mahali mbali na nyumbani, wanafanya mazoezi masaa mengi kwa siku, wakufunzi wanawapigia kelele mpaka wengine wanatapika na kulia. Mwisho wa kila kipindi wanapanda kwenye mizani kubwa kama jukwaa, namba zinakimbia juu na chini kwenye skrini, muziki unatisha. Aliyepunguza kidogo anaweza kufukuzwa. Mshindi anapata dola 250,000. Kipindi kilianza mwaka 2004 kwenye televisheni ya NBC, na kiliigwa nchi nyingi. Hata majirani zetu Kenya walikuwa na chao, Slimpossible, kwenye Citizen TV, wanawake wakishindana kupungua.

Nilikitazama kama mtu anayesikiliza mahubiri. Katika msimu wa 2013 kulikuwa na vijana watatu, wa chini ya miaka 18. Nilipowaona nilisimama kabisa. Watoto kama mimi! Wanene kama mimi, kwenye televisheni! Niseme ukweli, wale vijana hawakutendewa kama watu wazima. Hawakufukuzwa, na hawakushindania zile pesa. Waliotengeneza kipindi walijua kwamba mtoto si mtu wa kufanyiwa vile. Lakini sehemu za wale vijana zilikuwa za upole, na mimi sikujifunza kwenye upole. Nilijifunza kwenye makelele. Machozi, jasho, namba: hiyo ndiyo niliyoiamini, juu hiyo ndiyo iliyofanana na maisha yangu shuleni. Nilifikiri, kumbe ukichekwa vya kutosha utakonda.

Nikaanza kipindi changu mwenyewe. Chakula mara moja kwa siku, mchana, kidogo. Usiku nampa mdogo wangu sahani yangu, mama anafikiri nina huruma. Alfajiri navaa sweta mbili napanda kilima mbio, nashuka, napanda tena. Sikuwa na mizani, basi nikatumia kamba: nafunga kiunoni, naweka fundo, kila jioni naangalia fundo limesogea wapi. Wiki ya kwanza lilisogea. Nilifurahi sana. Wiki ya pili halikusogea, nikaacha na ile chai ya asubuhi. Kichwani nilikuwa nasikia sauti ya yule mkufunzi kwa Kiingereza ananiita mvivu.

Siku ya kumi na saba nilianguka bombani. Bidon ikanimwagikia. Nilipofungua macho niliona miguu ya watu wengi, na nikasikia mtu anasema, "Tanki imepasuka." Watu wakacheka, mimi nikiwa bado chini.

Mama akaja anakimbia na kitenge kimefunguka. Njiani kwenda kituo cha afya aliniuliza kwa sauti ya chini, huku akitetemeka:

"Mutoto wangu, sema ukweli. Uko na mimba?"

"Hapana, mama."

"Sasa uko na nini?"

"Niko na njaa."

Akasimama katikati ya njia. "Njaa? Na chakula iko mu sufuria?"

Alilia. Si kwa hasira. Mama ambaye amehangaika miaka yote watoto wake wasilale njaa, anakuta mmoja amejilaza njaa mwenyewe kwa kukusudia, kwa sababu ya filamu. Kile kilio ndicho kilichonishtua kuliko kuanguka.

Kituoni walinipima malaria, hakuna. Musawo aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Alinipeleka nyuma ya pazia kunipima uzito. Alisoma namba, akaandika, hakuitamka. Mpaka leo nakumbuka hilo: hakuitamka. Kisha akanipima urefu, akachukua chati, akaniambia mwili wa kijana hausomwi kama wa mtu mzima, unasomwa pamoja na umri, kwa sababu bado unajijenga mifupa, damu, kila kitu. Akasema, "Sitaki upungue haraka. Nataka usimame hapa ulipo, ule vizuri, utembee, na mwili ukue ukufikie." Akamgeukia mama. Hakumlaumu. Alimuuliza tu wiki nzima tunakula nini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mandazi uza yote. Yakibaki, majirani wapo. Na pale nyuma ya nyumba panda lengalenga."

Ushauri mdogo sana, lakini ulikuwa wa nyumba yetu.

Baadaye, nilipoanza kupata intaneti kwenye kituo cha vijana, nilitafuta wale watu wa kipindi waliishia wapi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Kevin Hall, pamoja na wenzake, waliwafuatilia washiriki 14 wa msimu mmoja wa The Biggest Loser kwa miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepungua kama kilo 58 mashindano yakiisha. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kama kilo 41 kati ya hizo. Na kilichonishangaza zaidi: miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Miaka sita imepita na mwili bado unabana.

Mkimbizi hahitaji kufafanuliwa hilo mara mbili. Mgao ukikatwa nyumbani, mama anafanya nini? Anazima taa mapema, anapika mara moja, anaficha unga kidogo chini ya kitanda kwa sababu hajui mwezi ujao. Mwili nao ni mama wa namna hiyo. Ukiukatia chakula ghafla, unaanza kuficha. Na hata ukirudisha mgao, mama hasahau haraka.

Basi nikafikiri nimemaliza na televisheni. Mpaka mwaka 2024.

Kituo chetu cha vijana kilipata televisheni kubwa ya ukutani. Ofisa mmoja wa shirika, kijana mwenzetu Mganda, mtu mzuri na mchapakazi, alituita mkutano. Alikuwa na wazo. Wiki kumi na mbili, vijana wanene kumi, kila Jumamosi wanapimwa kwenye mizani mbele ya kamera, video inaonyeshwa kwenye televisheni ya kituo na kuwekwa kwenye ukurasa wa mradi. Mshindi anapata simu mpya. "Kama ile ya televisheni," akasema. Kisha akaniangalia mimi, akatabasamu. "Dada, wewe utakuwa nyota wetu."

Chumba kizima kikageuka. Nikasikia ko ko ko kwenye ubao wa benchi, mahali fulani nyuma.

Niliomba siku moja ya kufikiri. Simu niliitaka, sitadanganya. Usiku nikamweleza mama. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Simu iko muzuri. Lakini ile video wataiona wote?"

Nikaelewa anachoogopa. Kuanzia Julai 2023 wakimbizi Uganda tuligawanywa makundi ya msaada wa chakula. Walioonekana wanyonge zaidi walikuwa wanapata asilimia 60, waliofuata asilimia 30, wengine walionekana wanaweza kujitegemea na hawakupata kitu. Sisi tulikuwa kwenye 30. Sasa weka video ya binti mnene wa kikimbizi inazunguka kwenye simu za watu, anapanda mizani, anacheka na kamera. Nani atauliza tunakula nini? Watasema, angalia, hawa wanashiba. Lile swali la bombani, unakula posho ya nani, lingeulizwa na nchi nzima. Na wanaoulizwa hawangekuwa mimi peke yangu.

Kesho yake nilienda. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiweka chini ya mapaja. Nikamwambia, "Ofisa, samahani, mimi sitapanda mizani mbele ya kamera. Na naomba usimpandishe mtoto yeyote." Nikamweleza kuanguka kwangu. Nikamweleza zile kilo 41. Nikamweleza hofu ya mama. Nikamwambia pia kwamba kijana mnene hana shida ya kutoangaliwa. Tunaangaliwa tangu tukitoka mlangoni.

Alinyamaza. Nilifikiri ananifukuza. Kisha akakuna kichwa akasema, "Sasa dada, hii televisheni tumeshainunua. Bajeti inasema ni ya afya ya vijana. Tuifanyie nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na sikuwa na jibu. Nikasema, "Tupe Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu. Tutajaribu."

Vita vya kwanza vilikuwa na wavulana wa mpira. Waliona tunawanyang'anya skrini. Tukakubaliana Jumamosi na Jumapili ni zao za Ligi ya Uingereza, hatugusi rimoti. Vita vya pili vilikuwa na wazazi. Mabinti wanajifungia kucheza dansi? Ilibidi mama mmoja wa kwaya aje kukaa nasi. Alikaa na Biblia yake mapajani siku mbili. Siku ya tatu Biblia ilikuwa kwenye benchi na yeye alikuwa mstari wa mbele.

Utaratibu wetu ni huu, kama mtu anataka kuuchukua.

Tunafunika madirisha kwa vitenge ili wapita njia wasichungulie. Hakuna mizani chumbani. Hakuna anayechaguliwa kwa unene: wembamba, wanene, wote wanaingia. Kwanza tunatazama kipande kifupi, dakika kumi na tano hivi. Wakati mwingine hata kile cha The Biggest Loser chenyewe, lakini tunasimamisha picha na kuulizana. Huyu nani anampikia? Watoto wake wako na nani sasa hivi? Akirudi kwake, duka la jirani linauza nini? Hapo unaona wasichana wa miaka 13 wanavyoifungua televisheni kama fundi anavyofungua redio. Kipindi kile kile kilichoniangusha nikiwa peke yangu, tukikitazama watu ishirini na kuongea, hakina tena nguvu ile.

Kisha tunasukuma mabenchi. Tunaweka video za dansi, ndombolo, amapiano, chochote kilichopo kwenye flashi, tunaiga kilichopo kwenye skrini. Dakika arobaini bila kuhesabu kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hadi moyo upige kwa nguvu. Kwa msichana ambaye haruhusiwi uwanjani, dakika hizo atazipata wapi? Kuchota maji tu hakutoshi, na kunachosha bila furaha.

Kuna siku betri ya sola iliisha katikati ya wimbo. Skrini ikawa nyeusi. Nikajua basi, wanakwenda nyumbani. Mmoja akageuza bidon tupu akaanza kupiga. Hakuna aliyetoka. Siku ile nilielewa televisheni ilikuwa imetusaidia nini: ilitupa sababu ya kukusanyika ambayo wazazi, wavulana na bajeti waliweza kuikubali.

Sehemu ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Tulianza kutengeneza vipindi vyetu kwa simu ya ofisa, tunavionyesha kwenye televisheni hiyo. Mama mmoja wa Rubondo anapika maharage na lengalenga kwa kijiko kimoja cha mafuta, anaongea Kiswahili chetu, moto wa kuni, moshi unamwingia machoni. Siku ilipoonyeshwa, wasichana walipiga kelele kuliko za mpira. Mtu wa kwetu, kwenye televisheni! Na hakuwa analia wala kuomba, alikuwa anafundisha.

Kipindi kingine kilihusu soda. Chupa ya mililita 300 ya kola ina sukari kama gramu 30 na kitu, yaani vijiko vya chai saba au nane. Tuliimwaga ile sukari kwenye sahani mbele ya kamera, kijiko kimoja kimoja. Video ilipoonyeshwa, mama mmoja akasimama kwa hasira: "Munamwaga sukari, na bei yake munaijua?" Ilibidi tumhakikishie hatukuitupa.

Sasa mtaniuliza, mmepungua?

Sitaandika kilo zangu hapa. Musawo anazijua, kila miezi mitatu, nyuma ya pazia. Nitasema kilima kile sasa nakipanda nikiongea. Nitasema sketi niliyoshonewa mwaka 2024 bado inanitosha. Mwenzetu mmoja amepungua wazi. Mwingine ameongezeka, na bado anakuja, hakuna anayemuuliza. Wawili waliacha. Mimi bado ni mnene.

Na kuna jambo ambalo dansi haliwezi. Maharage yakiwa ghali na mafuta rahisi, watoto wataendelea kukonda na kunenepa ndani ya nyumba moja, hata mkituletea skrini kubwa kama ukuta wa kanisa.

Kwa hiyo kwenu wafanyakazi wa mashirika, nawaomba kwa heshima. Mkitaka kutumia televisheni kwa vijana wanene, leteni. Sisi tunaipenda. Lakini iangalieni inamgeukia nani. Ikimgeukia mtoto ili watu wamtazame, mmeongeza bomba jingine la maji na foleni yake. Ikimwonyesha kitu cha kufanya pamoja na wenzake, anaweza kusimama na kukifanya. Na mkifika nyumba yenye mtoto mwembamba na mtoto mnene, andikeni majina yote mawili.

Kwako wewe unayesoma umejifungia, umefunga kamba kiunoni kama mimi: fungua, ule, mwambie mtu mmoja. Nenda kwa musawo. Asipokuwa mpole, tafuta mwingine. Kwetu mlango uko wazi Jumanne na Alhamisi.

Juzi nilienda kuchota maji saa kumi jioni, mchana kweupe, watu wamejaa. Yule mama wa 2021 alikuwepo. Amezeeka kidogo. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni kama zamani, nikasubiri.

"Weye si ni yule wa video ya sukari?"

"Ndiyo, mama."

"Ile sukari yote muliifanya nini?"

"Tuliinywea chai, mama. Watu ishirini."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasogeza bidon yake, nikaweka yangu mbele.